Herufi ya Kumi na Mbili

Kabla ya kuanza kazi yoyote nahesabu, na nikimaliza nahesabu tena. Asubuhi ile nilihesabu folda zilizokuwa kwenye diski ya pili ya kompyuta yangu, nikapata mia mbili na kumi na moja. Nikarudia, nikapata mia mbili na kumi na mbili. Ikabidi nihesabu mara ya tatu, jambo linaloniudhi, maana mara ya tatu ni ya watu wasiojiamini. Zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Nikaandika nyuma ya kalenda kwa kalamu ya wino, nikaipigia mstari chini. Mstari wa pili nikaupiga juu ya ule wa kwanza.

Kila folda ilikuwa shughuli moja ya wanawake: kicheni pati, singo ya kumsugua mwali, mwali kuchezwa, mzazi kutolewa nje. Mie napiga video za shughuli ambazo mwanaume haingii. Mwananyamala wapiga video wamejaa, ukirusha jiwe utampata mmoja na wa pili atakuuliza kwa nini hukumlenga yeye. Lakini wakifika mlangoni pa singo wanabaki nje na kamera zao za thamani, naingia mie na ya kwangu. Simu za wageni zinakusanywa kwenye beseni. Kamera inayobaki ndani ni moja. Mle ndani mitandio inavuliwa, watu wazima wanacheza kama vile kesho hawatakutana sokoni, na somo, yaani kungwi, anamwambia mwali maneno ambayo mie mwenyewe, mtu mzima, kuna mengine nayasikia nikijifanya narekebisha taa.

Kabla sijawasha kamera, mama wa mwali huniuliza swali lile lile, nami humjibu jibu lile lile: "Haitaonwa na mwanaume." Hatuandikiani karatasi. Ni neno tu, na kwa neno hilo nimepata kazi miaka tisa. Wiki ile ndilo lililonifunga mikono.

Mambo yalianza na mama mmoja wa Mbezi Beach, wa zile familia zilizokuwa pale pwani kabla hoteli hazijafika. Alimchezesha binti yake wa mwisho, na mie nikapiga saa mbili na nusu bila kusimamisha, kwa kamera mpya. Mpya kwangu, maana yake. Mama alitaka jambo moja tu, na alilisema mara mbili kwenye simu, tabia ninayoiheshimu.

"Faili moja, mwanangu. Isikatwe."

"Shikamoo mama. Nikikupa mbili zinazofuatana je? Ni kitu kile kile."

"Marahaba. Si kitu kile kile. Ya dada yake aliipiga mwenzako, ikaja vipande viwili. Katikati pakakosekana dakika. Mashangazi wameniuliza mwaka mzima zile dakika zimekwenda wapi na nani anazo. Sitaki kiraka. Penye kiraka watu wanataka kujua kilicho chini."

Hapo sikuwa na la kupunguza. Wanawake wa ukoo wangekutana kwake Ijumaa mchana kuitazama. Siku ile ilikuwa Jumatatu.

Jumanne nikaingiza kadi ya kamera kwenye kompyuta, nikaanza kuhamishia ile video kwenye diski ya pili, diski D, ninakowekaga kazi zangu zote. Ikakataa. Diski ilikuwa na nafasi ya gigi arobaini na kitu, faili lilikuwa gigi tisa na ushee, lakini likatokea dirisha dogo kusema kwamba faili ni kubwa mno kwa mfumo wa diski hii. Nikajaribu tena. Likakataa kwa maneno yale yale. Mie muuzaji akinikatalia mara mbili kwa maneno yale yale najua hana bei nyingine, lakini mashine sikuwa nimeizoea. Diski ya kwanza ilikuwa imejaa programu, imebaki na gigi tatu za kupumulia.

Nikaenda kwa fundi. Kibanda chake kiko njia ya hospitali, kipana kama kabati, na yeye ni mtu wa kusini, kwao Newala, baba yake alikuwa mchonga vinyago. Anashika bisibisi kama patasi. Hana haraka hata kidogo, na mtu asiye na haraka hunifanya niwashwe mwili mzima.

"Hiyo diski yako iko kwenye FAT," akasema. "Mpangilio wa zamani. Faili moja likizidi gigi nne, hailimezi."

"Si kwa Kiingereza FAT ni mnene?"

"Linaitwa mnene, koo jembamba. Inatakiwa uigeuze iwe NTFS. Hiyo inameza chochote."

"Kuigeuza ni kufuta?"

"Kuna kufomati, hiyo inafuta kila kitu. Na kuna kugeuza, vitu vinabaki humo humo, mpangilio ndio unabadilika. Amri moja tu. Bure. Ila unanakili kwanza vitu vyako kwingine, maana ikiharibika katikati ndo basi. Niletee, niinakili kwenye diski yangu kubwa, nigeuze, nikurudishie jioni."

Neno "bure" lilinichangamsha, kisha "niletee" likanirudisha chini. Diski yake kubwa ilikuwa pale mezani, imechomekwa, na kwenye benchi walikaa wanaume wanne wakisubiri simu zao. Niliwahesabu mara mbili. Walikuwa wanne na nusu, ukimhesabu yule aliyeingiza kichwa tu.

"Haiwezi kutoka nyumbani," nikasema.

"Sista, mie siangalii vitu vya watu."

"Najua. Lakini sikuahidi kwamba haitaangaliwa. Niliahidi kwamba haitaonwa. Ikipita machoni pako kwa bahati mbaya, imeonwa."

Akanitazama, akaifikiria hiyo tofauti kwa utulivu uleule wa kuudhi, kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa ukubwa wa gogo. "Kweli. Hata kwetu jando na unyago haviingiliani." Fundi wa kike niliyemjua alikuwa kahamia Dodoma na mumewe. Kununua diski nyingine mpya lilikuwa jawabu pia, na watu waliosikia habari hii baadaye wamenieleza hivyo kwa upole wa kukera. Lakini mie nilikwisha kusikia neno bure, na neno hilo likiingia kichwani mwangu halitoki kwa maji baridi.

Tukapatana hivi: Alhamisi asubuhi angekuja kwangu, angekaa barazani, mgongo kwa dirisha. Mie ningekaa ndani kwenye kompyuta. Yeye angesema, mie ningebonyeza. Nakala isingekuwapo, maana diski kubwa ni yake. Bei tuliivuta hadi ikachoka, nusu yake kwa kazi na nusu kwa aibu ya kukalishwa nje.

Jumatano sikulala mchana wala sikukaa. Nilifunga na kufungua folda. Kama ile diski ingekufa, ningeamka Ijumaa nimebeba wanawake mia mbili na kumi na mbili waliofutika, na wa mia mbili na kumi na tatu, wa Mbezi Beach, hana pa kuwekwa, mashangazi wake wamekwisha kukaa kwenye mazulia. Nani angeamini kwamba zimepotea tu? Kitu cha namna ile kikipotea, watu husema kimeibiwa. Kikiibiwa, kinatazamwa. Kazi yangu ingeishia hapo, na nisingeweza kukatiza sokoni bila kusikia mtu anashusha sauti.

Alhamisi fundi akaja, akatandikiwa mkeka. Mpangaji mwenzangu, mama muuza vitumbua, alikuwa barazani na jiko lake, na huyo ndiye aliyekuwa mlinzi wa heshima yetu sote wawili. Alipoelewa kinachofanyika akacheka mpaka kijiko kikamponyoka.

"Kwa hiyo kompyuta iko ndani, wanaume hawaingii, na inafundishwa tabia mpya?"

"Ndivyo," akasema fundi, akitazama barabara.

"Basi inafundwa! Kompyuta mwali! Na kungwi wake dume, kaachwa nje!"

"Mama, usinichekeshe, nitakosea herufi."

"Wewe kungwi, hukosei. Mwali ndiye anakosea, anafinywa."

Kazi ya kwanza ilikuwa kuipa diski nafasi zaidi, maana fundi alisema ikigeuka inahitaji mahali pa kujipindulia. Nikafuta tamthilia zangu. Zilikuwa misimu minne, na wa tatu sijaumaliza mpaka leo. Shughuli za watu sikugusa hata moja. Kisha tukaanza kuandika amri.

"Fungua lile dirisha jeusi."

"Limefunguka."

"Andika convert. C, O, N, V, E, R, T. Acha nafasi. D, nukta mbili. Acha nafasi. Slashi."

"Slashi ipi? Ziko mbili."

"Ile inayoegemea mbele kama mtu anayepanda mlima."

Nikaandika yote mpaka NTFS, nikamsomea kutoka mwanzo, kisha nikamsomea tena. Nikabonyeza. Mashine ikauliza kwa Kiingereza swali ambalo fundi alilitarajia: niandike jina la diski hiyo. Ni namna yake ya kuhakikisha, akasema, isije ikageuza diski isiyo yake.

"Diski yako umeipa jina gani?"

"Mwananyamala." Niliipa jina hilo mwenyewe miaka ile nilipoinunua, kwa kuwa kazi zote zilikuwa za hapa hapa mtaani kabla sijaanza kuitwa mpaka Kimbiji.

"Andika hivyo, kwa herufi kubwa."

Nikaandika. MWANANYAMALA. Mashine ikajibu kwamba jina si sahihi, ikafunga mlango. Tukarudia amri yote tangu mwanzo. Mwananyamala. Si sahihi. Mara ya tatu niliandika kwa kidole kimoja, polepole, nikitamka kila silabi kama mtoto wa chekechea. Si sahihi.

"Imekukana," akasema mama wa vitumbua. "Miaka tisa unaishi nayo, leo haikujui."

Fundi hakucheka. Akaniambia nipige picha ile skrini nyeusi kwa simu, nimtumie. Nikaangalia picha mara mbili kuhakikisha haina hata pembe ya kitu kingine, nikatuma. Akaitazama. Akaniambia kuna amri nyingine, fupi, ya kuiuliza diski yenyewe inaitwaje. Nikaandika. Ikajibu, nikamsomea.

"Inasema jina lake Mwananyamala!"

"Tuma picha."

Nikatuma. Nikasikia simu yake ikilia, nikasikia na yeye akisoma kwa sauti: "Mwananyamala. Ndiyo hiyo hiyo." Nikamsikia akiiweka simu chini, vitumbua vikichemka kwenye mafuta. "Sista, mie naona kitabu cha ndani cha diski kimeharibika. Yenyewe inajiita hivyo, ukiiita haiitiki. Hiyo ni dalili mbaya. Inaweza kufa wakati wowote."

"Sasa?"

"Sasa niingie niione mwenyewe. Dirisha lenyewe jeusi tu, hakuna picha ya mtu. Au tufomati, uanze upya."

Sijui kama kuna mtu amewahi kusimama katikati ya chumba cha futi kumi kwa kumi na kukikuta kirefu hivyo. Nilikwenda mlangoni. Nilishika pazia. Ni kweli skrini ilikuwa nyeusi, lakini nyuma ya lile dirisha jeusi folda zilikuwa wazi, na kila folda ilionyesha picha ndogo ya kilichomo: bega, khanga, uso wa mtu aliyetoka kulia. Ningeweza kuzifunga. Ningeweza kuzima kila kitu na kubakiza weusi mtupu. Lakini akishaingia akakaa kwenye kiti changu, na mashine ikafanya lolote isilotarajiwa, ataona. Na hata asipoona, siku mama wa mwali akiniuliza kama mwanaume amewahi kukaa mbele ya mashine ile, ningemjibuje?

"Unaingia au huingii?" mama wa vitumbua akauliza kutoka nje, akimuuliza fundi lakini akinilenga mie.

"Haingii," nikasema. "Na hatufomati."

"Basi mwali wenu atabaki mjinga."

Nikarudi kukaa. Nikasimama. Nikanywa maji ambayo sikuyataka. Nje, fundi alipofungua mdomo hakuwa akinishauri. Alikuwa akijisemea tu, kama mtu anayekumbuka kanuni ya somo la shule alilofeli.

"Tena hii FAT ina ubahili. Hata jina la diski haikubali lizidi herufi kumi na moja."

Nikaganda na glasi mkononi.

"Umesema ngapi?"

"Kumi na moja."

Nikaweka glasi chini, nikainua vidole. M, W, A, N, A. Mkono mmoja umekwisha. N, Y, A, M, A. Wa pili umekwisha. Vidole vilikuwa vimeisha na midomo yangu ilikuwa bado ina herufi. L. A. Nikahesabu tena kuanzia kidole gumba badala ya kidole cha mwisho, kana kwamba ingeleta tofauti. Kumi na mbili. Barazani nilimsikia fundi naye akihesabu, akafika kumi na moja, akaapa, akarudia, akafika kumi na mbili.

"Soma kwenye skrini," akasema. "Usisome neno. Soma herufi moja moja, kama hujui kusoma."

Nikaweka kidole kwenye kioo. M. W. A. N. A. N. Y. A. M. A. L. Halafu kidole kikagota kwenye weusi. Hapakuwa na kitu. MWANANYAMAL. Miaka tisa nimeitazama, na miaka tisa jicho langu limeijazia herufi iliyokosekana, na la fundi nalo, kwa sababu sote tunapajua hapa. Mgeni yeyote asiyepajua Mwananyamala angeliona lile pengo siku ya kwanza. Siku niliyoandika jina lile, mashine ilifika herufi ya kumi na moja ikagoma kupokea nyingine, na mie nilikuwa naandika bila kutazama, natazama bei kwenye risiti. Mtu anayehesabu kila kitu mara mbili hakuwahi kuhesabu jina la mtaa wake hata mara moja.

Mama wa vitumbua alipoelezwa alijipangusa macho kwa khanga. "Kwa hiyo mwali anaitwa Mwananyamal. Kama Mzungu anayeuliza njia."

Kabla ya kuandika jina lile lililokatwa mkia, fundi akanizuia. "Ikianza, isikatike umeme. Ikikatika katikati, hapo hata mie siwezi." Kompyuta yangu ni ya mezani, haina betri, na UPS yangu, ile ya kushika umeme ukikatika, ilikwisha kufa zamani, naiwekea tu kopo la kalamu. Mkabala na nyumba yetu kuna karakana ya kuchomelea mageti. Mchomeleaji akigusisha chuma chake, taa zetu zote zinakonyeza. Siku mbili tatu kwa mwezi zinazimika kabisa mpaka mtu apande akarudishe swichi.

Nikavuka barabara. Ukitaka saa moja kwa mtu, unaanza na tatu.

"Braza, nisaidie. Saa tatu usichomelee."

"Saa tatu? Geti la mtu hili, anakuja kulichukua mchana."

"Mbili."

"Sista, hata moja siwezi."

"Moja basi, umesema mwenyewe moja."

"Nimesema siwezi!"

"Dakika hamsini."

"Arobaini, nipige rangi hili dogo. Ikifika arobaini na moja nawasha."

Nikarudi mbio, nikaandika amri, nikaandika herufi kumi na moja, nikazihesabu kwenye kioo mara mbili. Nikabonyeza.

Mashine ikakubali. Ikaanza kukagua diski, namba zikipanda: asilimia moja, asilimia moja, asilimia mbili. Hakuna kitu kigumu kwa mtu wa aina yangu kama kutazama namba zisizo na mtu wa kupunguziana naye. Nilikwenda dirishani kumtazama mchomeleaji. Nikarudi kwenye kioo. Nikaenda mlangoni. Nikamwambia fundi asilimia kumi na nane, akasema sawa. Nikamwambia asilimia kumi na tisa, akasema sawa. Ilipofika ishirini akaniomba nimwambie kila baada ya kumi. Nikazima feni, nikichelea isile umeme wa diski. Nikaizima na redio ya mama wa vitumbua, naye akaniacha, na kuniacha kule kulinionyesha kwamba hata yeye ameogopa.

Dakika ya thelathini na tano tulikuwa asilimia themanini na mbili. Dakika ya thelathini na nane, themanini na tatu. Nikachungulia: mchomeleaji ameweka brashi ya rangi chini, anavaa ile barakoa yake ya chuma. Sikuwa na cha kumpa. Aliyeinuka ni mama wa vitumbua. Alipakua sahani, akavuka barabara bila haraka, akamsimamia mbele na mvuke wa vitumbua ukimpanda puani.

"Vua hilo kopo la usoni ule, vinapoa."

"Mama, nina kazi..."

"Kazi ina mguu? Itakukimbia? Kula. Unakonda, mkeo atasema majirani tunakutazama tu."

Akala. Alikula vitumbua sita. Kila kimoja nilikihesabu kutoka dirishani, na kila kimoja kilikuwa kama asilimia tatu. Cha sita kilipokuwa kinaingia mdomoni, skrini nyeusi ikaandika kwamba kugeuza kumekamilika.

Sikupiga kelele. Nilifungua diski D nikaanza kuhesabu folda. Mia mbili na kumi na mbili. Nikahesabu tena. Mia mbili na kumi na mbili. Siku ile hesabu ya kwanza na ya pili zilikubaliana, jambo ambalo haliko katika kawaida yangu.

"Fungua moja uone kama inacheza," fundi akasema kutoka nje.

Nikafungua ya kwanza iliyokuwa karibu. Nilisahau kwamba spika zimewashwa mpaka mwisho. Chumba kikajaa ngoma na vigelegele, na juu yake sauti ya somo mmoja mzee, ikimwimbia mwali wimbo ambao siwezi kuandika hata maana yake hapa. Dirisha la barazani lilikuwa wazi. Nikatafuta kitufe cha sauti, mkono ukagonga kopo la kalamu, kalamu zikamwagika, wimbo ukaingia kwenye ubeti wake mbaya zaidi.

Nilipofanikiwa kuzima, nilichungulia. Mkeka ulikuwa mtupu. Hakuna aliyemwambia. Fundi, yule mtu asiye na haraka, alikuwa amefika ng'ambo ya barabara, amesimama kando ya geti lisilokwisha, ametupa mgongo, na viganja viwili viko masikioni kama anayeadhini. Mchomeleaji alikuwa anamshangaa.

Alirudi nilipomwita mara ya pili. Hatukutazamana usoni.

"Umesikia nini?" nikamuuliza.

"Vitumbua vikikaangwa."

Nikamlipa tulichopatana, nikamwongezea. Nataka ieleweke kwamba sijawahi kumwongezea mtu.

Video ya Mbezi Beach niliihamisha mchana ule ule. Gigi tisa na ushee zikaingia zote bila kukwama, saa mbili na nusu bila kiraka, na Ijumaa asubuhi mama yule aliipokea mkononi mwangu, katika diski ndogo aliyoileta mwenyewe imefungwa kwenye leso. Aliniuliza lile swali lake. Nikamjibu lile jibu langu. Lakini safari hii nilimweleza pia kuhusu wimbo uliotoka dirishani, na mtu aliyevuka barabara. Haukuwa wa binti yake, lakini niliona ana haki ya kujua anashughulika na mtu gani. 

"Aliziba masikio kabla hujamwambia?"

"Kabla."

"Huyo ana mama," akasema, akaenda zake kwa mashangazi. Wiki iliyofuata nikamwendea na mama wa mwali wa wimbo ule uliotoka dirishani, nikamwambia vile vile. Alicheka sana, kisha akaniambia ninunue pazia zito. Nimenunua.

Fundi aliniambia jambo la mwisho Alhamisi ile, akiwa anakunja mkeka. Mpangilio huu mpya unaruhusu jina refu. Naweza sasa kuirudishia diski herufi yake, iwe Mwananyamala kamili. Niliifikiria usiku mzima na sehemu ya asubuhi. Sikuirudisha. Mtu akija kuiharibu diski ile siku moja, akataka kuifuta kwa amri ya kufomati kwenye dirisha jeusi, mashine itamuuliza jina la diski. Na kama ni mtu wa hapa, ambaye ndiye peke yake anayejua kuna nini cha kuharibu, atasoma jina lile kwenye skrini na kuliandika kama linavyotamkwa, herufi kumi na mbili, mara tatu, mpaka achoke. Sijawahi kupata kufuli la bei nafuu kuliko hilo.